Udongo wa Nyayo za Mjumbe

Kijiji cha Ujamaa,
Nje ya Kasoli, Bariadi.
2 Machi 1975

Mpendwa Shangazi Haji Sikuzani,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, goti limetulia, na akina mama wa Gongoni bado wanakuja darasani kwako kila Alhamisi. Sisi hatujambo. Baba anakusalimu sana. Tangu tuhamishiwe huku kijijini duka lake la Kasoli limefungwa, na sasa anauza katika duka la kijiji, ambalo lina chumvi, viberiti na manjano ya kupikia. Manjano yaliletwa magunia mawili kwa makosa, na huku watu hawayatumii, kwa hiyo Baba anakaa na manjano. Mama naye hajambo. Juzi alikwenda kwao Nkololo kumzika binamu, akarudi na kuku.

Shangazi, nina swali la dini. Si langu. Ni la msichana mmoja ninayesoma naye darasa la saba.

Msichana huyu anajua kufinyanga. Mwezi wa kwanza Mwalimu Januarius alipata taarifa kwamba Mjumbe kutoka Bariadi atakuja kukagua ufugaji bora. Tuliahidiwa ndama wa kisasa, lakini hakuletwa. Mwalimu akasema, "Mjumbe hawezi kukagua zizi tupu. Tutamfinyanga." Akamchagua msichana huyo kwa sababu hapendi kuongea na watu, hivyo hatatoa siri.

Ndama alihitaji uti wa mgongo. Tuliahidiwa pia pampu ya maji, na katika pampu hiyo lilikuja bomba moja tu, likakaa ofisini likisubiri wenzake. Mwalimu akalitoa. Msichana akalipitisha kutoka mkiani hadi mdomoni, na udongo ukashika vizuri. Rangi haikuwepo, ila manjano yalikuwepo. Ndama akawa wa njano kwato hadi masikio, na jua likimpiga ananukia pilau.

Mjumbe alikuja, akamtazama bila kushuka garini, akasema, "Huyu ana afya. Mleteni Bariadi siku ya Sabasaba." Akaondoka.

Alasiri ile upepo ulivuma kutoka upande wa pamba. Ukaingia mkiani, ukatokea mdomoni, na ndama akalia. Ilikuwa sauti nene, ya huzuni, kama ya ndama aliyetengwa na mama yake. Wakati huo Bibi Shida alikuwa anapita, anatafuta mtamba wake aliyepotea kwa siku tatu. Akaona ndama ameelekea mtoni. Akaenda mtoni, akamkuta mtamba. Kesho yake alileta majani mabichi na kibuyu cha maziwa, akaviweka mbele ya ndama na kupiga goti kama anavyomwamkia mkwe. Keshokutwa walikuja watu saba.

Msichana akaogopa, akafungua Surat Taha, akasoma habari za Samiri, yule aliyewatengenezea watu wa Nabii Musa ndama wa dhahabu mwenye sauti. Musa alipomwuliza amefanyaje, alijibu kwamba alichota konzi moja ya udongo, ujazo wa kiganja, kutoka katika nyayo za mjumbe, akaitupa.

Shangazi, Mjumbe wetu alipokuja mara ya kwanza mwezi wa Desemba kuahidi pampu, Landrova yake ilikwama matopeni, akashuka kuisukuma yeye mwenyewe. Pale palikandwa vizuri na viatu vyake. Ndipo nilipochota udongo. Nilichota kwa konzi.

Naona nimeandika "nilichota". Karatasi hii ni ya shule na sina nyingine. Msichana ni mimi.

Nimefuata hatua za Samiri zote bila kuruka hata moja, na sikuwa nimekusudia hata moja. Naomba uniambie: kila atakayepiga goti mbele ya ndama, dhambi yake inaandikwa na kwangu? Na nifanye nini kabla ya Sabasaba, maana Bariadi siku ile watakuja watu maelfu? Baba anasema ni udongo tu, tena anafurahi kwamba manjano yamepata kazi. Huku hakuna mwingine wa kumwuliza. Wewe umefika Maka.

Ni mimi mwanao,
Mboni Salimu


Gongoni, Tabora.
24 Machi 1975

Mwanangu Mboni,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na goti langu limefurahi, maana katika ukoo mzima ni wewe peke yako unayeliulizia. Mwambie mdogo wangu Salimu kwamba hata yeye ana kalamu. Sisi tupo. Maua, jirani yangu, ameoza binti wa pili. Asali mwaka huu ni nyingi.

Nimesoma habari zako nikiwa nimesimama, na nilipofika mwisho nikakaa chini.

Mboni, jambo hili si la mchezo. Samiri hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Watu wa Nabii Nuhu walianza na sanamu za watu wema waliokufa, eti wawakumbuke. Na Maka kwenyewe kulikuwa na mkubwa mmoja, Amri bin Luhayi, mtu mkarimu, anayesikilizwa. Akasafiri kwenda Sham. Akawakuta watu wanaomba mvua kwa masanamu, akawaomba wampe moja. Wakampa lile liitwalo Hubali. Akarudi nalo Maka na watu wakalipokea bila kuuliza, kwa sababu yeye alitoka mbali na wao hawakutoka popote. Mtume amesimulia kwamba alimwona motoni akiburuta matumbo yake. Kwa ajili ya kitu kimoja tu alichokuja nacho safarini.

Kwa hiyo mvunje huyo ndama. Usingoje Sabasaba. Chukua jembe.

Huku nako imani imepungua. Alhamisi iliyopita mzee mmoja mstaafu wa reli, anaitwa Jilala, Msukuma wa kwenu huko, alikuja kumfuata mkewe darasani. Akaliona lile jiwe langu la safari, lile ambalo akina mama hulipaka marashi na kujifuta usoni. Akaliinua, akalinusa, akasema, "Mbona hili linanuka dizeli?" Akina mama walimtoa kwa mafagio. Mimi sikusema neno. Mtu kama huyo unamjibu nini?

Wasalimie wote. Mvunje.

Shangazi yako,
Haji Sikuzani


Kijiji cha Ujamaa,
Kasoli.
20 Aprili 1975

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana. Ilikaa kwanza Bariadi, halafu dereva wa lori la pamba akaisahau chini ya kiti. Hatujambo. Baba amesema atakuandikia na sasa anatafuta kalamu. Mama anaumwa meno kidogo.

Nilichukua jembe kama ulivyosema. Nilifika zizini nikamkuta Mwalimu Januarius. Akaniuliza, "Mboni, jembe la nini?" Nikalishusha begani. Akasema, "Huyo sasa ni mali ya umma. Atakayemgusa amegusa Chama." Halafu akasema kwa upole kwamba mwezi wa kumi ataandika maoni juu ya kila mwanafunzi, na kwamba kijiji kizima huenda kikapata nafasi moja tu ya msichana kwenda sekondari. Nikasema nimekuja kupalilia, nikapalilia kuzunguka zizi.

Shangazi, ninaitaka hiyo nafasi. Nimeandika hivyo ili usije ukafikiri mimi ni mwema kuliko nilivyo.

Wakati barua yako ikiwa chini ya kiti, mambo yameendelea. Mwenyekiti wetu, Mzee Masele, amehamishia mikutano ya kijiji zizini. Zamani mikutano ilikuwa mirefu kwa sababu watu walitolewa kila mmoja kwake na kila mmoja ana lake la kusema. Sasa Masele anasoma hoja, halafu wote wananyamaza. Ndama akilia, hoja imepita. Asipolia, hoja inarudi mkutano ujao. Kwa njia hii wamepitisha kupalilia shamba la pamoja siku tatu kwa wiki, kujenga zahanati, na kumtaka Mzee Salu amrudie mke wake. Mzee Salu alibisha. Masele akamwambia, "Sasa mwenzangu, unabishana na ng'ombe?" Salu amerudi kwa mke wake, na wanaonekana wana raha.

Jambo jingine ni hukumu ya Samiri. Unakumbuka kwamba aliambiwa maisha yake yote atasema "usiniguse". Niliona heri nianze mapema kwa hiari yangu. Sasa mtu akiniamkia "Ng'wangaluka" na kunyoosha mkono, mimi narudi nyuma na kusema, "Usiniguse." Nilidhani watakasirika. Badala yake wanasema aliyemfinyanga ndama ameanza mwiko. Wananipisha njiani. Bibi Shida ananiachia maziwa mlangoni, na Mama anayapokea.

Unisamehe, Shangazi, lakini sehemu hii naipenda. Miaka yote kusalimiana na watu kulinipa jasho la viganja. Je, adhabu ukiipenda bado ni adhabu?

Na nina swali kuhusu Amri bin Luhayi. Alipofika Maka na lile sanamu, alisema nini hasa? Alidanganya, au watu waliliona tu mkononi mwake wakajisemea wenyewe? Nauliza kwa sababu mimi pia sikusema neno.

Mwanao,
Mboni


Gongoni, Tabora.
11 Mei 1975

Mwanangu Mboni,

Marahaba. Meno ya mama yako ayawekee karafuu. Goti langu limerudi. Mvua zimekatika. Binti wa Maua aliyeolewa amekwisha kurudi nyumbani, lakini wanasema amekuja kutembea.

Umeuliza mambo mengi. Muda wangu ni mdogo na taa ina moshi, nitajibu moja.

Nabii Musa hakupalilia kuzunguka ndama. Alimchoma moto, kisha majivu akayatawanya baharini. Fanya hivyo. Bahari huna, tumia mto. Fanya mchana watu wakiwa shambani, uwe umemaliza kabla hawajarudi.

Kuhusu adhabu kuipenda, sijui.

Akina mama sasa wanakuja na Jumatatu.

Shangazi yako,
Haji Sikuzani


Kijiji cha Ujamaa,
Kasoli.
1 Juni 1975

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Karafuu imesaidia, Mama anakushukuru. Baba amepata kalamu, sasa hana wino.

Nilimchoma siku ya Jumatano. Wote walikuwa shamba la pamoja, na mimi nilisema naumwa tumbo. Nilimzungushia mabua ya mtama na samadi kavu hadi mgongoni, nikasoma Bismillahi, nikawasha. Aliwaka tangu saa tatu hadi adhuhuri. Moshi wake ulinukia harusi.

Shangazi, nilisahau jambo moja, na nadhani hata wewe ulilisahau. Ndama wa Samiri alikuwa wa dhahabu. Wangu ni wa udongo. Nami ni mfinyanzi, nilipaswa kujua kuliko mtu yeyote nini hutokea udongo ukichomwa.

Ameiva. Amekuwa kama tofali, mzima, bila ufa. Manjano yameungua, ametoka na rangi nyekundu inayong'aa kidogo, nzuri kuliko ya kwanza. Na kwa sababu udongo umekauka na kubana bomba, sauti imekuwa kubwa mara mbili. Alilia kabla hata moshi haujaisha. Walimsikia kule shambani wakaja mbio na majembe, wakamkuta amesimama katikati ya majivu, analia, na mimi nimekaa pembeni nalia pia.

Masele akavua kofia. Bibi Shida akapiga magoti yote mawili. Hata Generoza, mke wa katekista, ambaye hafiki zizini, alikuja akijifanya anatafuta mbuzi. Mwalimu Januarius aliyatazama majivu, akanitazama mimi. Nilijua amejua. Halafu akasema kwa sauti, wote wasikie, "Mboni amemuimarisha kwa ajili ya safari ya Bariadi. Huo ndio moyo wa kujitolea." Wakanipigia makofi.

Zimebaki wiki tano. Nimejaribu jembe kwa siri, jembe ndilo limepinda. Shangazi, umebaki wewe tu. Kama kuna dua uliyoisoma kule Maka, kwenye nyumba yenyewe, niandikie hiyo.

Na lile swali la Amri hukulijibu. Labda taa ilikuwa na moshi.

Mwanao,
Mboni


Gongoni, Tabora.
22 Juni 1975

Mboni,

Maftaha, mtoto wa Maua, anapeleka lori Mwanza na atapita kwenu. Nimempa kifurushi kilichofungwa kwa kanga. Kipokee wewe mwenyewe.

Umeniambia sauti inatoka kwenye bomba. Bomba lina tundu. Tundu huzibwa. Pima kilichomo, utaona kinaingia sawasawa.

Usiniulize kitu. Nami sijambo.

Shangazi yako


Kijiji cha Ujamaa,
Kasoli.
31 Agosti 1975

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Maftaha alifika tarehe 27 Juni, akanywa uji, akakipongeza kijiji, akaenda zake. Hatujambo sote. Baba amepata wino, lakini kalamu imeazimwa na Masele.

Nitakueleza yote, kwa sababu hukunizuia kueleza. Ulinizuia kuuliza tu.

Niliingiza kile ulichonitumia ndani ya mdomo wa ndama saa saba mchana, nikakigonga kwa kitako cha kiganja. Kiliingia sawasawa kama ulivyosema. Alasiri upepo ukaja. Ndama kimya.

Mkutano wa kwanza Masele alisoma hoja ya lori la kumpeleka ndama Sabasaba. Wakasubiri. Mbuzi walilia, mtoto alilia, ndama hakulia. Hoja ikarudi. Mkutano wa pili vilevile. Katibu akasema, "Mwenyekiti, si tumpeleke tu?" Masele akamjibu, "Kwa hoja ipi iliyopita?" Tarehe 7 Julai ikafika na kupita, na ndama wetu hakwenda Bariadi kwa sababu hakujiruhusu. Nasikia zizi tulilotengewa lilikaa tupu na kibao cha jina la kijiji, na mshindi lilikuwa boga kutoka Nkololo.

Nikamshukuru Mungu. Lakini sikuwa nimefikiri mbele. Hakuna hoja nyingine iliyopita tangu siku ile. Pamba ilivunwa ikarundikwa, na hoja ya kuipeleka ghalani ikarudi mara nne. Ukuta wa zahanati umesimama kwenye madirisha. Mzee Salu aliuliza kama aendelee kukaa kwa mke wake. Hakujibiwa, na sasa anakaa uani. Watu walimletea ndama maziwa mengi zaidi wakidhani amekasirika. Nzi walijaa. Wengine wakaanza kuja kwangu na kusimama hatua tatu mbali, wasiniguse, wakiniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, mwambie basi." Mimi ambaye sijawahi kumwambia mtu kitu.

Tarehe 20 mwezi huu walikuja mafundi wa maji na pampu nzima. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa bomba moja. Fundi mkuu akafungua karatasi yake akasema, "Hapa imeandikwa mlikwisha kulipokea. Liko wapi?" Wote wakamtazama ndama. Fundi akasema basi avunjwe. Masele akasema hilo ni jambo kubwa, lazima liwe hoja. Akaisoma hoja: ndama avunjwe ili kijiji kipate maji. Wakanyamaza kusubiri.

Fundi aliuliza, "Tunasubiri nini?"

"Jibu," alisema Masele.

"La nani?"

"La ndama."

Walisubiri siku tatu, Shangazi. Mafundi walilala chini ya gari lao. Siku ya tatu fundi alianza kufunga kamba za mizigo, akasema pampu itapelekwa kijiji kingine chenye watu wenye akili. Nikamtazama Mama. Alikuwa ameshika ndoo. Kila siku anakwenda mtoni mara mbili kwa ajili yetu, na anasimama njiani kupumzisha shingo. Nikamtazama na Mwalimu Januarius, nikaiona ile nafasi moja ya sekondari kama mtu anavyoona basi likiondoka.

Nikasimama. Nikasema nina neno. Kwa kuwa hawajawahi kunisikia mkutanoni, walinyamaza zaidi kuliko walivyokuwa wakimnyamazia ndama. Nikawaambia kwamba sauti ile ni upepo tu ndani ya bomba. Nikasema udongo niliuchota kwenye topi la Landrova, na rangi ni manjano ya Baba, na nilimchoma ili aungue, si ili aimarike, na mwezi wa sita nilimziba mdomo. Nikasema mtamba wa Bibi Shida alikwenda mtoni kwa sababu alikuwa na kiu. Nikasema wasiniogope, mimi si kitu, nilikuwa naogopa kupeana mikono tu.

Basi ili waamini nikaenda nikachomoa kizibo. Na upepo, Shangazi, ulikuwepo.

Alilia kuliko siku zote. Ilikuwa miezi miwili ya sauti yote kwa pamoja.

Masele akaruka juu. "Hoja imepita!" akasema. "Katibu andika: ndama amekubali avunjwe."

"Nimesema ni upepo," nikamwambia.

"Tumekusikia, mwanangu. Ni upepo. Andika, Katibu."

Wakamvunja kwa nyundo za mafundi. Bibi Shida alichukua sikio moja kwenda kuwekea ugoro. Bomba lilitoka zima, na jioni ile maji yalitoka, yakiwa mekundu kwanza, halafu meupe. Yana harufu ya pilau kidogo, lakini watu wanasema itaisha.

Mwalimu Januarius alinisogelea nikiwa nanawa uso. Nilimwambia, "Mwalimu, najua utaandika nini." Akasema, "Hujui." Akanyoosha mkono. Nilikuwa nimesahau namna ya kuushika. Niliushika vibaya, kwa vidole viwili.

Sasa kuhusu kizibo. Nimekiosha, nimekifunga tena kwenye kanga yake. Shangazi, nilipokifungua siku ya kwanza kilinukia marashi ya waridi. Na chini ya marashi kilinukia kitu kingine. Baba amewahi kuendesha mashine ya kusaga, naijua harufu hiyo.

Umesema nisiulize. Siulizi.

Mwanao,
Mboni


Kijiji cha Ujamaa,
Kasoli.
14 Desemba 1975

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hii ni barua fupi kwa sababu sijui kama zile za kabla zilifika. Niliandika Agosti, nikaandika Oktoba kadi ya Idi, na Maftaha alipopita tena nilimpa salamu za mdomo. Akasema upo, unatembea, lakini darasa limefungwa. Hakutaka kusema zaidi, akaomba maji ya kunywa.

Mama hajambo, shingo imepona. Baba amekuandikia. Barua yake ina mistari miwili na imo humu ndani.

Nimechaguliwa. Jina langu lilisomwa mbele ya ofisi, na Mwalimu Januarius alilisoma mara mbili kama vile la kwanza lilikuwa mazoezi. Ni sekondari ya wasichana hukohuko Tabora. Nitapanda treni Shinyanga tarehe 9 Januari. Sitaki kukusumbua, bweni lipo. Nataka tu kujua jambo moja la mizigo. Kile kifurushi cha kanga nije nacho au nisije nacho?

Mwanao,
Mboni


Gongoni, Tabora.
2 Januari 1976

Mwanangu Mboni,

Marahaba, marahaba ya barua zote tatu. Zote zilifika. Nilikuwa nazisoma na kuzirudisha kwenye bahasha, kana kwamba sijazifungua.

Mwambie Salimu mistari yake miwili nimeisoma mara nyingi kuliko mingine yote aliyowahi kutonipa.

Uliniuliza Amri bin Luhayi alisema nini alipofika Maka. Vitabu sijui vinasemaje. Nitakuambia la mtu mwingine.

Mwaka ule mtaa mzima ulinisindikiza stesheni kwa dufu na kasida. Nilifika Dar es Salaam, jina langu halikuwemo katika orodha ya wanaosafiri. Nikangoja wiki tano kwa ndugu wa marehemu mume wangu, nikaishia hapo. Bahari nimeiona, meli nimeiona ikiondoka. Wakati wa kurudi dirisha la behewa langu lilikuwa linaanguka kila likitikiswa. Treni iliposimama Dodoma nilishuka, nikaokota kokoto moja kubwa kando ya reli, nikalikazia dirisha. Nilipofika Tabora nililichomoa, nikashuka nalo mkononi. Nilikuwa nimechoka, Mboni, na dufu lilikuwa limeanza tena. Maua akaja mbele, akauliza, "Haji, hilo ni la wapi?" Kabla sijafungua mdomo akalichukua, akalibusu, akawapa wengine.

Sikusema ni la Maka. Katika miaka sita sijatamka hata mara moja kwamba ni la Maka. Nilinyamaza tu, na kila Alhamisi nikanyamaza tena. Wewe ulimziba ndama wako mdomo, na wangu mdomo nilikuwa nimeuziba tangu siku ya kwanza.

Barua yako ya Agosti ndiyo iliyonisimamisha. Niliisoma, nikajiambia, huyu mtoto aliyekuwa anajificha nyuma ya mlango wageni wakija amesimama mbele ya kijiji. Alhamisi moja nikawaita akina mama, nikawaambia yote, kuanzia Dar hadi dirisha. Wakalia sana. Nikadhani wamenielewa. Maua akasimama akasema, "Mnaona unyenyekevu wa mtu aliyefika Maka? Anajishusha mpaka anakana safari." Wakanibusu mikono. Nikawaambia jiwe lenyewe limekwisha kwenda Bariadi kuziba ng'ombe. Wakasema, hata huko lina kazi. Sasa wanapangusa kwa leso kile kigoda lilipokuwa linakaa. Nimefunga darasa. Kigoda nimekikalia mimi mwenyewe, wanangoja ninyanyuke.

Nimekwenda kwa Mzee Jilala kuomba radhi kwa yale mafagio. Amecheka mpaka akakohoa. Akasema, "Bi Sikuzani, miaka thelathini nimezikanyaga hizo. Nilitaka tu kujua imefikaje mbali na reli bila kibali." Yeye peke yake ameniamini, na sijui kwa nini hilo limenitosha.

Njoo nacho kifurushi; barua hii anaileta Maftaha, itakuwahi. Nitakuwa stesheni tarehe 10 asubuhi, bila dufu, mimi na goti langu. Ukishuka nipe mkono kwanza, wote, si vidole viwili. Halafu tutalifungua hilo jiwe tuliweke chini kando ya reli, mahali palipojaa wenzake. Nimekaa hapa najaribu kukumbuka sura yake, kama siku moja nikipita pale nitaweza kulitofautisha na mengine. Siwezi, mwanangu. Alhamdulillahi, siwezi.

Shangazi yako,
Sikuzani